Nyuma ya Patografu

Miito sita imeingia kwenye simu yangu
ndani ya wiki moja, baada ya mwaka mzima wa kimya.
Usaili wa ubingwa: Dodoma, Moshi, Mwanza, Mbeya, Dar mara mbili.
Sita, na mimi ni mtu mmoja,
na Makete kuna baridi inayopasua midomo.

Nimegeuza patografu iliyoharibika,
nikaanza hesabu upande usio na mistari.
Basi la Njombe huondoka saa kumi alfajiri.
Njombe hadi Dodoma, Dodoma hadi Mwanza,
kulala kwa shangazi, kulala gesti, kulala kwenye kiti.
Mshahara wa Mei umeliwa na ada ya mdogo wangu Ambilikile.
Wa Juni nimeshaukopea viatu;
huwezi kuulizwa habari za upasuaji
una vumbi la Tandala kwenye kisigino.

Anyosisye, niliyesoma naye benchi moja, ananiambia:
"Nenda yote. Mkulima hapandi kiazi kimoja."
Mama, kutoka Tukuyu: "Mchagua nazi hupata koroma."
Mama, huku hakuna nazi.
Huku tunachagua mbegu za viazi usiku kwa tochi,
na chenye jicho moja nacho hupandwa.

Nikaandika: sita. Siku kumi na tisa njiani.
Nikakata. Minne. Siku kumi na mbili.
Wodini mna vitanda ishirini na akina mama ishirini na saba,
na madaktari ni wawili, mimi na Lwidiko.
Nikitoka, Lwidiko ndiye usiku na ndiye mchana,
ndiye kisu, ndiye simu ya rufaa,
na gari la wagonjwa, likigoma kwa baridi,
huwashwa kwa kusukumwa na ndugu wa mgonjwa.

Saa nane Sista Sanga akagonga.
"Daktari, mapigo ya mtoto yanashuka."
Hesabu ikaingia mfuko wa koti.
Jenereta lilikohoa, likanyamaza;
nikakata kwa mwanga wa simu ya Lwidiko,
mtoto akatoka wa buluu, akafikiri kidogo,
kisha akalia kama mwenye kudai deni.

Tulikuwa tunanawa. Maji ni barafu.
Ndipo Lwidiko akasema, akiliangalia sinki:
"Nami nimeitwa. Mitatu. Sikukuambia."
Mwanza yake na Mwanza yangu ni siku moja.

Hakuna aliyecheka. Kisha tukacheka
mpaka Sista Sanga akatufungia mlango.

Nikaitoa ile karatasi, sasa ina doa pembeni,
nikasema neno nililokuwa nimelificha chini ya nauli:
kwamba kukataliwa mara moja naweza kumlaumu msaili,
kukataliwa mara sita nitamlaumu nani?
Lwidiko akafuta mikono, kidole kwa kidole.
"Basi gonga milango mitatu," akasema.
"Wa nne ni huu wetu,
na komeo lake limevunjika tangu Januari."

Mbeya. Dodoma. Moshi.
Mwanza nimemwachia, yeye ana mchumba kule,
ingawa alisema hiyo si sababu.
Dar nimeandika mara mbili, kwa heshima,
kwamba nafasi yangu apewe mwingine;
yuko mtu, Newala labda, au Kibondo,
ambaye usiku huu simu yake bado iko kimya.

Fomu ya ruhusa: siku tisa.
Palipoandikwa "atakayekaimu" nimeweka jina la Lwidiko.
Kwenye yake ameweka langu.

Basi la Njombe limepiga honi, limepita.
Nyuma ya mochwari, kwenye matuta ya viazi,
usiku umemwaga chumvi nyeupe juu ya majani.
Mlinzi Mahenge amechuchumaa na tochi,
anayagusa moja moja,
anahesabu kwa sauti yaliyobaki kijani.