Nyumba Yangu Haina Ghorofa

Walikuja Wete mwezi wa Machi, mvua za masika zikiwafuata nyuma,
watu tisa, gari mbili, na moshi umo ndani ya mtungi.
Moshi, bwana we! Wametoka nao Unguja
kuuleta Bopwe, ambako ukungu haununuliwi,
hushuka wenyewe alfajiri juu ya mikarafuu
ukakaa vibarazani kama mgeni asiyepiga hodi.

Mkubwa wao, kijana Talhata, mpole, miwani kaifunga uzi:
"Bi Mize, tunataka nyumba yako siku kumi.
Ni mchezo wa tivii, wa kutisha, sehemu nane.
Mji mdogo, watu wake hawalali."
Nikamwambia, sisi hapa twalala. Saa tatu, mlango na komeo.
Akacheka. Akanihesabia pesa juu ya ungo wa mchele.
Ungo wangu msiupige picha, nikasema,
kesho mtanambia naruka nao.

Walitaka nisifagie.
Wakapaka masizi ukutani, wakang'oa balbu,
wakawasha kandili lililonuka mafuta ya taa.
Wakamweka mjukuu wangu Sabiha dirishani:
asicheke, asiseme kitu, aangalie juu.
"Juu wapi?" akauliza mtoto.
"Juu tu."

Ukaonyeshwa baada ya Mfunguo Mosi, kila Alkhamisi, wakisha kusali isha.
Tulijazana kwa Zuwena, tivii yake pana,
tukala mbatata za urojo, tukawacheka majirani zetu
walivyotembea kama wanaoogopa viatu vyao.
Hamna damu. Hamna jitu lenye meno.
Mfereji unadondoka. Mlango uko wazi, kisha uko wazi zaidi.
Mtu katumwa dukani chumvi,
na kabla hajarudi, karudi.
Zuwena akapunguza sauti, ikawa vibaya zaidi.

Sehemu ya tano, yule dada mwigizaji
aliingia ukumbini kwangu, akapita mtungi wangu wa maji,
akageuka kushoto,
akapanda ngazi.
Ngazi ya mbao. Sabiha akahesabu kwa sauti,
moja, mbili, mpaka kumi na moja,
na chumbani kwa Zuwena hakutafuna mtu.

Maana kushoto kwa mtungi ni ukuta.
Ukuta wa mawe na udongo, kaukandika marehemu mume wangu,
alama za vidole vyake zimo mpaka leo.
Na juu ya ukuta ni bati. Na juu ya bati ni mvua.

Nikampigia simu Talhata. Mumejenga wapi ile ngazi?
Kimya. Nikasikia anavua miwani, anaiweka mezani.
"Bi Mize, hatukujenga.
Tuliikuta. Wewe ndiye uliyetuonyesha, ule usiku wa mwanzo.
Ulitangulia mbele, kandili mkononi,
ukatwambia tukanyage pembeni, katikati pameoza."

Sasa watu wa Bopwe wana salamu nyengine.
"Bi Mize, hujambo? Na wa juu hajambo?"
Mwanzo ilikuwa mzaha. Muuza nyama akicheka
huku akinitilia kipande cha ziada, "cha wa juu hicho."
Siku hizi hutia kipande, na hacheki.

Sehemu ya nane haikuonekana. Umeme ulikatika Wete nzima,
ukarudi asubuhi, na mchezo umekwisha kwengine,
kwa watu wasiotujua.
Nimewauliza jamaa wa Unguja unaishaje.
Kila mmoja anasema chengine, na kila mmoja anashusha sauti.

Kandili walilisahau. Nimelificha uvunguni, halina mafuta.
Lakini nikiamka nyayo zangu zina unga,
mweupe, laini, kama wa mbao iliyoliwa na bungua,
na mie sakafu yangu ni saruji.

Nyumba yangu haina ghorofa.
Nimemwapia Zuwena, nimemwapia sheha, nimeusugua ule ukuta kwa maji na ndimu.
Leo asubuhi Sabiha kanimiminia chai,
kanisogezea mkate wa kumimina, hata hakuninyanyulia uso:
"Bibi, leo umechelewa kushuka."