Mzizi Dhaifu

Södertälje, Januari. Theluji imefunga mlango wa duka la mikate
na Nahrin, juu ya mfuko mtupu wa unga,
anaunda lugha isiyo na msemaji.

Konsonanti tatu kwa kila kitenzi, kavu kama ufuta.
Irabu ni maji ya kumwagia kati.
Bagash: alikanda.
Biggesh: alikanda mpaka viganja vikauma.
Nibgash: ulikandwa. Habgish: alimkandisha mwenziwe
(hapo anamkumbuka mama, anacheka peke yake).

Vitenzi vyetu sisi hukua mkiani,
kanda, kandia, kandiana.
Vyake hugeuka tumboni.

Saa nane usiku anaifikia mizizi dhaifu,
ile ambayo herufi ya katikati humezwa na ulimi.
Z-W-N, kurudi nyumbani.
Hakuna asemaye zawan.
W huondoka, irabu ikajinyoosha
kufunika pengo: zaan.

Walizaliwa watatu. Shmuni, Yawnan, yeye.
Wa kati alishuka kwenye treni ya Malmö,
koti lake likabaki kitini.
Tangu hapo mama akiita watu mezani
hulivuta jina la Shmuni
mpaka likamfikia Nahrin.

Anajaza jedwali. Nilirudi, ulirudi.
Wakati ujao, nafsi ya tatu, umoja: kalamu inasita.
Kanuni inataka yizaan.

Anaandika yizwan,
W nzima, nene, wino ukipenya karatasi,
na pembeni, kwa herufi ndogo:
hiki hakifuati kanuni, msikisahihishe.

Kisha unga. Chachu. Mikono.