Sehemu Tano kwa Mia

Picha ni moja. Hiyo ndiyo shida.
Zingekuwa mbili, ya Juni yenye ukungu na ya Oktoba kavu,
ningezilaza pamoja, nikatoa hii kwenye ile
kama mtoto wa darasa la tatu.
Lakini Mwambapa wa studio ya Uyole
alibakiwa na nafasi moja kwenye mkanda,
akapiga, akashuka na lori la viazi.

Isyonje, asubuhi.
Mama mdogo Subilaga mbele, jembe begani.
Nyuma yake weupe mtupu.

Kanuni yenyewe haina makuu:
kila kipande cha dunia, hata kiwe kama ukucha,
kina mahali penye giza,
chini ya jani, kwenye mkunjo wa kitenge,
ndani ya nyekundu isiyo na buluu hata tone.
Ukikuta kipande kisicho na giza popote,
nuru ile si yake, ni ya mkopo;
mkopeshaji ni ukungu.
Pima deni. Toa. Gawanya kwa kilichopenya.

Na deni hukua kwa umbali:
jembe linadaiwa kidogo, uzio zaidi,
mikaratusi ya Mporoto inadaiwa karibu yote.

Saa nane usiku, Iyunga, kompyuta ikihema,
uzio ukatoka. Ng'ombe akatoka.
Kisha mtu, mgongo kwetu, gunia kichwani,
ambaye kwa miaka thelathini na mmoja
hatukumhesabu.

Nilikosea pia. Pareto ilikuwa imechanua;
hesabu ikaona weupe, ikadhani ukungu,
ikachuma shamba zima.
Nikayarudisha maua kwa mkono, safu kwa safu,
kibarua asiye na ujira.

Nikampelekea. Akaishika mbali na macho, kisha karibu.
"Huyo Anyandwile," akasema, kidole mgongoni.
"Tuligombana siku hiyo. Debe la mbegu tu."
Akacheka, akakatisha.
Akaigeuza picha, akaangalia nyuma yake, palipokuwa patupu.
"Ila hapa si kwetu. Baridi umeipeleka wapi?"

Nikarudi mezani.
Nikaurudisha ukungu, sehemu tano kwa mia.
Uzio ukalegea. Mashavu yake yakapata umande.
Nikajaribu kumi:
Anyandwile akaanza kuondoka.

Nikarudi kwenye tano.