Nyimbo Kumi na Nne

Nilifuata misumari Makambako,
dukani kwa Mkinga auzaye kila kitu,
nikamkuta Zebedayo Mligo kwenye kabati la vioo:
kofia ya sufu, gitaa la nyuzi tano,
nyimbo zake bora kumi na nne, shilingi elfu tatu.

Utotoni tulimcheka. Mtu gani huyu
anaimba viazi? Anaimba lori lililonasa
kwenye tope la Lupembe, na bei ya pareto?
Redio ikimtaja tulizungusha kitufe
tukitafuta rumba, tukitafuta mji.

Usiku ule baridi ya Njombe ilikaa nami jikoni.
Wimbo wa tisa ukaanza kwa kikohozi
ambacho hakuna aliyejali kukifuta,
halafu vile viazi:
nimeuza gunia, nimenunua sanda.
Kumbe.
Miaka yote nilisikia gunia tu.

Nikaurudia. Nyuma yake yupo mwanamke,
anachelewa kidogo, kama apandaye kilima na mzigo,
na akifika juu sauti inakatika palepale
ilipokuwa ikikatika akiniita nirudi nyumbani,
giza linaingia, ng'ombe hawajafungwa.
Shangazi Edina!
Hakuwahi kusema. Nasi hatukuwahi kuuliza.

Nikageuza jalada, nikavaa miwani, nikawasha tochi:
Z. Mligo na wenzake.

Wenzake.

Asubuhi umande umeganda juu ya kabichi.
Mlango wa banda bado unaning'inia.
Misumari, nakumbuka sasa, sikununua.