Na Robo

Barua ilitoka Lincoln, mhuri wake bado mbichi:
kuanzia Agosti, kila somo na cheti chake,
na shule isiyotimiza itafutwa orodhani.
Shule yenyewe ina wanafunzi arobaini na mmoja,
na Bi Verlene Houdek ndiye hesabu, ndiye kemia,
ndiye ajuaye bomba lipi huganda Januari.

Miaka ishirini na sita. Leo ni mtahiniwa.
Ameendesha gari maili tisini ndani ya theluji,
penseli mbili mkobani,
na sandwichi ya mayai aliyosahau kuila.

"Kitambulisho, tafadhali."
Ni Colby, wa kina Kucera.
Huyu alimfundisha kugawanya, hadi wakalia wote wawili.
Anakagua picha, kisha uso, kisha picha,
kama mtu anayetafuta kosa.

Ubaoni anaandika:
Kuanza, saa tatu na dakika arobaini.
Muda, dakika tisini na tano.
Kumaliza, saa tano na dakika tano.

Vichwa vinainama.
Mkono mmoja unapanda dawati la nyuma:
"Na robo, Colby.
Kumi umeiacha njiani, tena."