Kitabu cha Mama Kina Chumvi

Kitabu cha mama kina chumvi.
Sisemi kwa mafumbo: ukikifungua, punje zinadondoka magotini,
na kurasa zinachakarisha kama majani makavu ya mgomba.
Alikinunua Mpondwe, siku ya soko,
kwa kuku mmoja na deni,
kwa Kiswahili, maana alivuka mpaka na lugha hiyo mgongoni
pamoja nami.

Kila alfajiri hapa Katwe,
kabla viboko hawajarudi kwenye ziwa kubwa,
alisoma mstari mmoja. Mmoja tu.
"Mingi ni ya mchungaji," alisema, "ana muda nayo.
Mimi nichukue cha kutafuna mpaka saa sita."
Kisha akashuka kidimbwini, maji makali hadi kiunoni,
midomo ikitembea.

Nilidhani anahesabu madeni.

Sasa kidimbwi ni changu, na Kitabu ni changu,
na nyufa za nyayo ni zangu.
Miaka miwili nilikisoma kama mtu anayemeza dawa ya malaria:
kwa saa yake, bila kuonja.

Hadi Julai ile, chumvi ikianza kushika,
Kabugho akasogeza vigingi usiku.
Hatua mbili. Nilizipima kwa miguu yangu mwenyewe,
nikarudi nyumbani na panga,
si mkononi, kichwani.
Nikafungua Kitabu nipate neno la kumpiga nalo.
Nilijua limo, lile la mipaka ya mababu.
Nikalitafuta kwa kidole chenye kidonda,
kidole kikaangukia pengine,
mahali mama alipopiga mstari kwa mkaa,
panaposema habari za adui mwenye njaa.

Nikakifunga.

Siku tisa kilikaa juu ya gunia la muhogo.
Usidhani dunia ilisimama.
Heroe walitua, wakachokoa tope, wakaruka.
Lori la Kampala lilikuja, nikauza.
Na wakati wa kupima, mkono wangu,
mkono huu huu uliolelewa na mama,
ukabonyeza mzani kidogo,
uzito wa yai.
Hakuna aliyeona. Dereva alilipa, akanunua soda.
Ila ulimi wangu ulikuwa mtupu kama chungu kilichopinduliwa,
hauna cha kutafuna mpaka saa sita,
na saa sita siku hiyo ilichelewa.

Hapo ndipo nilipoielewa ile midomo.
Hakuwa akisali ili aonekane.
Alikuwa akila.

Siku ya kumi mvua ikanyesha nje ya msimu,
ikayeyusha kwangu na kwake
bila kuuliza kigingi ni cha nani.
Nilimkuta Kabugho ukingoni, beseni kajifunika kichwani,
wanawe watatu wakigawana ngege mmoja,
wakigombania mkia.
Sikumsamehe papo hapo;
nisiseme uongo karibu na Kitabu.
Nilimpelekea unga, kibaba na nusu,
nikauweka chini bila kumtazama, nikasema, "Wa mama."
Akasema, "Mama yako alishakufa."
Nikasema, "Najua."

Vigingi vimerudi hatua moja.
Bado moja.
Dereva nilimrudishia thamani ya yai,
akacheka mpaka akakohoa,
akaniuliza kama jua limenipanda kichwani.

Leo nimesoma mstari wangu kwa taa ya sola inayofifia.
Sitakwambia ni upi.
Umo mdomoni, ni mgumu, haujalainika,
na nusu yake sijaipenda.
Nje viboko wanapita nyuma ya choo wakikoroma,
kwa Kabugho mtu anakoka moto.
Nakifunga Kitabu, punje zinadondoka,
naziokota kwa ncha ya kidole, nazilamba,
nashuka.