Ndoo Chini ya Sinki

Hapa Umoja maji huja Jumanne usiku,
saa nane, yakikohoa kwanza bombani.
Yalinikuta macho, na sufuria ya matanga
niliyoazima kwa Kwamboka wa orofa ya pili,
na boksi la shemeji yangu Obuya
lililokaa juu ya kabati mwaka na miezi minne.

Alilileta toka Oregoni, zawadi,
akamwachia dada yangu, dada akaniachia mimi.
Ndani: kopo la shira ya kimea, zito kama kopo la rangi,
pakiti ya hamira, nyepesi kama barua isiyo na habari,
na hopsi, maua yaliyosagwa na kushindiliwa
yakawa vidonge vya kijani, chakula cha sungura.
Nilipoupasua mfuko, jiko likanuka danzi,
kisha msonobari uliokatwa mvua ikinyesha,
kisha kitu nisichokijua.
Nikajiambia, Amerika ndiyo hiyo.

Maagizo yalisema: safisha kila kitu.
Nikasafisha kijiko, mfuniko, kipimajoto, kucha.
Maagizo yalisema: isifurike.
Ikafurika.
Mpaka leo nikiwasha gesi kwa chai
hunukia asali iliyoungua.
Maagizo yalisema: poza upesi.
Barafu niliinunua kwa Anyasi muuza samaki,
nikaifunga mifuko miwili, tena mitatu,
bia yangu isije ikajua habari za Ziwa.

Maagizo yalisema: weka mahali pa baridi.
Hapo nilicheka peke yangu.
Julai ya Nairobi haingoji kuamriwa.
Niliisukuma ndoo chini ya sinki,
nikaivalisha sweta kuukuu ya shule,
mikono ikining'inia.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi hakuna aliyenisifu
na maji nimekwisha kuyatia,
lita kumi na tisa, kwa kipimo.

Mama alipika busaa Kisumu Ndogo miaka tisa.
Joto alilipima kwa kiwiko,
kama anayeogesha mtoto.
Mara mbili pipa lake lilipigwa teke:
mlango ule ule, buti tofauti.
Alituambia tukae kitandani, miguu juu,
na busaa ikapita chini yetu polepole
ikitafuta njia ya kutoka.
Kwa hiyo sikumwambia.
Angeniuliza nimelipa shilingi ngapi
kwa shayiri ya watu.

Usiku wa kwanza, kimya.
Usiku wa pili, kimya; nikaitukana hamira,
nikamtukana Obuya na ndege iliyomleta.
Usiku wa tatu ndoo ikaanza kubwabwaja,
neno moja, kituo, neno moja,
kama mtu anayeota akihesabu deni.
Nililala sakafuni kuisikiliza.

Ijumaa mlango uligongwa.
Miguu yangu ilipanda kitini yenyewe, kabla sijafikiri.
Alikuwa Mutinda, mtunza jengo, na spana mkononi.
"Wa chini wanasikia bomba likitoa pumzi."
Nikamwambia ni friji.
Akaitazama friji.
Friji ilikuwa imezimwa, mlango wazi, imejaa viatu.
Akasema, "Basi," akashuka ngazi akipiga mluzi.

Chupa ninazo arubaini, za kahawia, za baa ya kona,
lebo nimezibandua kwa kisu na maji moto.
Sukari ni ya Mumias, kijiko kimoja kwa chupa.
Maji ni ya mgao. Baridi ni ya hapa.
Sweta ni ya mwanangu Nyanchera.
Boksi bado linadai kwa herufi nene kuwa hii ni ya Kimarekani,
nami sina nguvu ya kubishana na boksi.

Jumapili Mama alikuja na ndizi.
Akatafuta tambara, akafungua kabati la sinki.
Nilisikia magoti yake yakilia.
Hakuuliza. Alishusha ukosi wa sweta,
akaweka sikio, akanusa, akaweka tena sikio.
"Bado," akasema. "Wiki ijayo. Alhamisi."
Akaomba chumvi.

Maagizo yanasema Jumatatu.
Nimeyakunja mara nne,
nimeyaweka chini ya mguu mfupi wa meza.